Kubana na Kukaza: Istilahi za Kuvisha Mpira wa Petroli katika Gari la Zamani

Makala haya yanahusu maneno sita mepesi: mpira, mafuta, bomba, kulainisha, kubana na kukaza. Mwanafunzi wa darasa la pili anayajua yote. Hata hivyo tumeona yafaa kuyachunguza katika kurasa hizi za istilahi, kwa kuwa yote sita hukutana mahali pamoja, padogo kuliko kidole gumba, yaani pale ambapo mpira wa petroli huvishwa juu ya bomba la chuma katika gari la zamani. Na mfasiri akikosea mojawapo hapo, matokeo yake yaweza kuwa moto.

Miaka kadhaa iliyopita tuliombwa kufasiri kutoka Kiingereza mwongozo mfupi unaoeleza jinsi ya kubadilisha mipira ya petroli katika Volkswagen ya zamani, ile ya umbo la mviringo ambayo Wajerumani wenyewe waliipa jina la mbawakawa. (Mfasiri asiyeangalia angeweza kuiita mende, na mwenye gari asingemsamehe.) Mwongozo wenyewe ulikuwa ukurasa mmoja na nusu tu. Tuliumaliza asubuhi moja, tukaridhika. Wiki tatu baadaye mwenye gari akatueleza kwamba fundi wake alikuwa amefuata tafsiri yetu kama ilivyo: alikaza klipu mpaka bisibisi ikagoma kuzunguka, na siku ya nne gari likaanza kunuka petroli. Walipofungua nyuma walikuta mpira umekatwa na klipu, na petroli inadondoka juu ya bati la injini, shubiri moja tu kutoka kwenye distributa, ambayo ndani yake cheche huruka wakati wote injini inapozunguka.

Gari halikuwaka. Lakini tuliporejea nakala yetu tuliona kwamba fundi hakuwa na kosa. Sentensi tuliyoiandika ilisema: "Hakikisha kwamba mpira umekazwa sawasawa." Mwandishi wa Kiingereza hakusema hivyo hata kidogo. Alisema kwamba tundu la mpira liwe dogo kuliko bomba, ili mpira uvishwe kwa shida na ushike wenyewe. Kiingereza kina neno moja kwa kiatu kinachobana na kwa skrubu iliyokazwa. Kiswahili kina mawili, nasi tulichukua lile lisilohusika.

Kazi yenyewe

Kabla ya kuzungumzia maneno, hapana budi tueleze kazi. Katika Volkswagen hiyo tangi la petroli liko mbele na injini iko nyuma. Petroli hutoka tangini, hupita katika bomba jembamba la chuma lililolazwa ndani ya mfereji wa katikati ya sakafu, hutokea nyuma karibu na gia boksi, huingia katika pampu, na kutoka pampuni hupanda hadi kwenye kabureta. Chuma hakiwezi kuunganishwa moja kwa moja na injini, kwa sababu injini hutikisika na bodi haitikisiki sawa nayo. Kwa hiyo katika kila kiungo huwekwa kipande cha mpira, ambacho hupokea mtikisiko huo bila kuvunjika. Vipande hivyo ni vifupi, na bei yake si kitu ukilinganisha na bei ya rangi au ya viti. Huenda ndiyo sababu watu wengi wanaofufua magari ya zamani huviacha mpaka mwisho, au huviacha kabisa.

Gari hili linatufaa kuwa mfano kwa sababu linajulikana sana. Yalitengenezwa zaidi ya milioni 21, na la mwisho lilitoka katika kiwanda cha Puebla, nchini Mexico, mwezi Julai mwaka 2003. Afrika ya Mashariki ililifahamu mapema: katika mashindano ya Safari, yaliyoanza mwaka 1953 na kupita Kenya, Uganda na Tanganyika, gari la aina hiyo lilishinda mwaka 1962. Mengi bado yapo, na mengine sasa yanafufuliwa na wajukuu wa waliokuwa nayo mwanzo.

Tena linatufaa kwa sababu ya pili, ambayo si ya kufurahisha. Kasha la injini yake lilitengenezwa kwa mchanganyiko wa madini ambayo makubwa yake ni magnesiamu. Magnesiamu ni nyepesi, lakini ikishika moto ni vigumu mno kuuzima, na maji huuchochea badala ya kuupoza. Mpira wa petroli ukivuja katika gari lenye injini ya chuma, mwenye gari aweza kupoteza nyaya na rangi. Ukivuja katika gari hili, aweza kubakiwa na mabati tu.

Bana na pwaya, kaza na legeza

Tuanze na jambo ambalo ndilo kiini cha makala haya. Bomba la petroli katika gari tulilolitaja huwa na kipenyo cha nje cha milimita 6 hivi. Mpira unaovishwa juu yake kwa kawaida huwa na tundu la milimita 5, au 5 na nusu. Maana yake ni kwamba mpira ni mdogo kuliko bomba, na haukosewi. Umefanywa hivyo kusudi. Unapovishwa hutanuka, na baada ya kutanuka hujaribu wakati wote kurejea udogo wake. Kujaribu kurejea huko ndiko kunakoshika bomba na kuzuia petroli isipite pembeni. Katika viungo kadhaa vya magari haya kiwanda chenyewe hakikuweka klipu yoyote kwa miaka mingi, mpira ulitosha.

Je, Kiswahili husemaje juu ya hali hiyo? Husema mpira unabana. Tunasema kiatu chanibana, kola inambana shingoni, mlango umebana kwa sababu ya mvua. Katika mifano yote hiyo kinachotenda ni kitu chenyewe, kwa udogo wake au kwa uvimbe wake. Hakuna mtu aliyekizungusha wala kukivuta. Na kinyume chake kipo pia, tena ni neno zuri: kupwaya. Kiatu cha kaka kinampwaya mdogo wake. Pete inapwaya kidoleni. Mpira wenye tundu la milimita 7 ukivishwa juu ya bomba la milimita 6, unapwaya.

Kukaza ni jambo jingine. Anayekaza ni mtu: hukaza kamba, hukaza nati, hukaza mwendo. Kinyume chake ni kulegeza. Kukaza huongeza nguvu kutoka nje, na kitu kilichokazwa kinaweza kulegea baadaye chenyewe. (Wasomaji wetu walimu watakumbuka kwamba sisi tunaoshughulika na lugha tumelichukua shina hilohilo kwa mkazo wa silabi, na wenzetu wa fizikia wamelichukua kwa mambo yao. Neno halijachoka bado, lakini limebebeshwa mengi.)

Basi tuna jozi mbili, bana na pwaya, kaza na legeza, na kila jozi ina mahali pake. Mpira hubana au hupwaya. Klipu hukazwa au hulegezwa. Mfasiri akizitenganisha jozi hizi, fundi ataelewa mara moja jambo ambalo mwongozo mzima unalisisitiza, yaani kwamba usalama wa kiungo hutokana na kubana kwa mpira, na kwamba klipu ni mlinzi tu anayesimama nyuma. Akizichanganya, fundi ataelewa kinyume chake: atachukua mpira wowote ulioko dukani, hata kama unapwaya, akiamini kwamba klipu itamaliza kazi. Hivyo ndivyo ilivyotokea kwa tafsiri yetu.

Yafaa pia kueleza kwa nini klipu haiwezi kumaliza kazi. Klipu ya skrubu ambayo mafundi wengi huitumia ilibuniwa Uingereza na Lumley Robinson, aliyeipatia hataza mwaka 1921. Ni utepe wa chuma wenye mikato, na meno ya skrubu hupita katika mikato hiyo na kuuvuta utepe. Kwa mpira mnene wa maji ya rejeta ni kifaa kizuri. Kwa mpira mwembamba wa petroli mara nyingi ni kikubwa mno: utepe hauwezi kufanya duara kamili, hubana pande mbili na kuacha upenyo pembeni mwa skrubu, na ukikazwa zaidi mpira husukumwa ndani ya mikato na kukatwa humo kama jibini. Ziko klipu ndogo zilizotengenezwa kwa mipira ya petroli, zenye utepe laini usio na mikato na kingo zilizokunjwa kwa nje. Hizo hukazwa mpaka zishike, basi. Kukaza zaidi ya hapo si kuongeza usalama.

Atakuwapo msomaji atakayetuuliza: je, hatusemi pia kwamba mtu anabana kitu kwa koleo? Ndiyo, tunasema. Katika mazungumzo kubana kuna nafasi pana, hata serikali hubana matumizi. Lakini katika maandishi ya ufundi tunapendekeza kitenzi hiki kiachiwe kitu kinachobana kwa umbo lake, na pale ambapo mtu anabana kwa kifaa, kifaa kitajwe: bana kwa koleo. Hapo hapana wa kupotea. Kwa jina la ule udogo wa mpira unaoufanya ubane, neno mbano linatosha. Mwongozo waweza kusema kwamba mpira wa milimita 5 una mbano mkubwa kuliko wa 5 na nusu.

Mpira upi?

Neno mpira lina kazi nyingi kuliko mtumishi wa nyumba yenye watoto kumi. Ni mti au mtambaazi utoao utomvu. Ni utomvu huo ukisha kuganda. Ni kitu kinachopigwa uwanjani. Ni mchezo wenyewe. Ni mrija wa kumwagilia maua. Hospitalini ni mrija wa mkojo. Wingi huu haudhuru mahali ambapo jambo lenyewe linaonekana. Hakuna aliyeenda uwanjani akitarajia kukuta mrija. Dukani ni tofauti. Mtu akiagizwa kununua "mpira, nusu mita, mwembamba", atauziwa wowote unaoingia bombani.

Hapa ndipo historia ya neno inapoweza kupotosha. Mpira tulioufahamu kwanza katika pwani yetu ulitoka katika utomvu wa mitambaazi ya msituni, nao uliuzwa ng'ambo kwa wingi mwishoni mwa karne ya 19. Mpira huo wa asili ni mzuri kwa mambo mengi, lakini petroli ni adui yake: hunywa petroli, huvimba, hulainika, na hatimaye hubanduka vipandevipande. Mrija wa bustani na kipande cha tyubu ya baiskeli havikutengenezwa kwa petroli. Mpira wa petroli ni wa namna nyingine kabisa, uliotengenezwa kiwandani. Ulio maarufu ni ule wa nitrili, uliovumbuliwa Ujerumani katika miaka ya 1930, ambao hustahimili petroli na mafuta ya injini. Baadaye, mwaka 1957, kampuni ya DuPont ya Marekani ilianza kuuza mpira wenye florini, ambao hustahimili zaidi.

Tofauti hii imekuwa muhimu zaidi siku hizi kwa sababu petroli yenyewe imebadilika. Nchi nyingi huichanganya na ethanoli, yaani alkoholi itokanayo na miwa au nafaka. Malawi, jirani yetu, ilianza mwaka 1982. Uingereza iliifanya petroli yenye ethanoli hadi asilimia 10 kuwa ya kawaida mwezi Septemba 2021. Mipira ya zamani haikutengenezwa kwa ethanoli. Huwa migumu, hupasuka, na kwa kuwa mingi ya Ujerumani imefunikwa kwa msuko wa nyuzi za pamba, nyufa hazionekani kwa nje. Fundi husema mpira umechoka, nasi hatuna sababu ya kutafuta neno jingine.

Kwa hiyo tunapendekeza mfasiri aandike kila mara mpira wa petroli, asiseme mpira peke yake, wala mpira wa mafuta. Kadhalika alama zilizochapwa juu ya mpira, kama SAE J30 R7, SAE J30 R9, au DIN 73379, zisifasiriwe wala zisiachwe. Ni kama namba ya jalada: mtumishi wa serikali anajua kwamba barua isiyo na namba hupotea. Herufi R9 humwambia mnunuzi kwamba ndani ya mpira kuna tabaka linalostahimili ethanoli. Kuziondoa kwa kuwa "hazina Kiswahili" ni kumnyima habari pekee ambayo muuzaji hawezi kuipindua.

Mafuta yapi?

Tumesema mwandishi asiandike mpira wa mafuta. Sababu ni kwamba katika gari moja kuna mafuta yasiyopungua manne: petroli, ambayo watu wengi huiita mafuta wanapokwenda kituoni, mafuta ya injini, mafuta ya gia boksi, na mafuta ya breki. Nyumbani kuna ya taa, ya kupikia na ya kujipaka. Neno limekuwa kama kikapu. Katika habari za gazeti si kitu, maana bei ya mafuta ikipanda kila mtu anajua ni yapi. Katika mwongozo wa ufundi, mafuta bila ya sifa ni kosa.

Tulilijua hili kwa aibu. Katika ule mwongozo wetu tuliandika pia: "Paka mafuta kidogo kwenye ncha ya bomba." Fundi akauliza, kwa haki kabisa, mafuta yapi? Alipokosa wa kumjibu alitumia grisi. Grisi hurahisisha kuvisha, kweli, lakini haikauki. Hubaki kati ya mpira na chuma, na mpira uliokuwa unabana huanza kutambaa kidogo kidogo kila injini inapotikisika. Na kiasi kinachoingia ndani husafiri na petroli hadi katika vitundu vya kabureta, ambavyo ni vyembamba kama vya sindano. Kilichokusudiwa ni tone moja la petroli yenyewe, ambalo huteleza kwa dakika moja na kisha kuyeyuka, au tone la mafuta mepesi ya injini.

Kupasha moto na kulainisha

Mpira ukikataa kuingia, njia iliyozoeleka ni kuupa joto. Joto huufanya mpira unyumbuke kwa urahisi, na ukipoa hurudi na kubana vizuri. Sasa tazama Kiswahili kinavyoweza kututega. Tunasema kupasha moto: tunapasha chakula moto, tunapasha maji moto. Moto hapa ni joto tu. Lakini mbele ya gari ambalo bomba lake limefunguliwa na petroli inadondoka, na iko pampu ambayo hata ikiwa imefunguliwa petroli hushuka yenyewe kutoka tangini kwa kuwa tangi liko juu zaidi, kumwandikia mtu "pasha mpira moto" ni kumwalika atoe kiberiti. Tumewaona mafundi wakipitisha mpira juu ya mwali wa kibiriti cha gesi. Hawakufundishwa hivyo na mtu, waliambiwa tu waupashe moto.

Pendekezo letu ni kwamba neno moto lisiwepo kabisa katika sehemu hiyo ya mwongozo isipokuwa likifuata neno maji: chovya ncha ya mpira katika maji ya moto kwa dakika mbili au tatu. Na iongezwe kwamba maji hayo yachemshiwe mbali na gari, na ncha ifutwe mpaka ikauke kabla ya kuvishwa, maana maji ndani ya petroli huleta taabu nyingine.

Kulainisha nako kuna hatari yake, ingawa ndogo. Katika kazi hii peke yake kitenzi hicho kingeweza kutumika mara tatu kwa mambo matatu. Joto hulainisha mpira, maana yake huuondolea ugumu. Msasa mwembamba hulainisha mdomo wa bomba, maana yake huondoa kutu na mikwaruzo. Na tone la petroli hulainisha, maana yake hupunguza msuguano. Vitabu vya ufundi vimekwisha kuzoea vilainishi kwa mafuta ya injini na grisi, na hatuna nia ya kuvifukuza. Lakini katika mwongozo mmoja afadhali kila kitendo kipewe neno lake: mpira uchovywe ulegee, bomba lisuguliwe liwe laini, ncha itiwe utelezi. Utelezi ni neno la watu wote, tena linaeleza hasa kinachotakiwa.

Bomba, mdomo na tuta

Bomba lilitujia kutoka Kireno, ambako lina maana ya pampu, na maana hiyo ilikuwapo katika Kiswahili pia. Kamusi ya Frederick Johnson ya mwaka 1939 inaitaja. Siku hizi tumetenganisha: pampu husukuma, bomba hupitisha. Mfasiri anayetumia kamusi za zamani na awe mwangalifu, hasa kwa gari ambalo bomba na pampu hugusana. Vilevile tunapendelea bomba liwe la chuma au la shaba, yaani kitu kisichopindika kwa mkono, na mpira uwe ule unaopindika. Paipu hutumika gerejini kwa vyote viwili, na kwa sababu hiyo tunaliacha huko.

Sehemu ya bomba inayoingia mpirani mafundi huiita mdomo. Karibu na mwisho wa mdomo huo kuna mwinuko mdogo unaouzunguka kama pete, uliofanywa kwa kulisukuma chuma lenyewe kwa nje. Kazi yake ni kuzuia mpira usichopoke. Mpira lazima uupite mwinuko huo wote, na klipu ikae nyuma yake, upande ule ambako bomba linaendelea, si juu yake na si mbele yake. Klipu ikikazwa juu ya mwinuko huteleza. Ikikazwa mbele yake haishiki kitu. Hatukupata jina moja la mwinuko huu. Wako wanaosema pete, lakini pete huvuliwa na huu hauvuliki. Kwa sasa tumeliita tuta, kwa mfano wa tuta la shamba ambalo maji hayalivuki bila nguvu, au lile la barabarani linalomlazimisha dereva apunguze mwendo.

Juu ya vitenzi vya kuingiza na kutoa tutasema machache. Mpira huvishwa na huvuliwa, kama nguo. Bomba huchomekwa. Kitu kinachotoka bila ya kukusudiwa huchopoka. Kinachotolewa kwa nguvu huchomolewa, na hapo pana onyo: mpira wa zamani usichomolewe kutoka kwenye kabureta. Kijibomba cha shaba kinachotokeza katika kabureta za gari hili kimeshindiliwa tu katika tundu lake, hakina skrubu, na kikivutwa hulegea. Gari zaidi ya moja limeteketea kwa sababu kijibomba hicho kilichopoka njiani pamoja na mpira wake. Mpira wa zamani upasuliwe kwa urefu kwa kisu kikali, kisha ubanduliwe.

Tafsiri iliyosahihishwa

Baada ya mambo hayo tuliandika upya sehemu ile ya mwongozo, tukampelekea fundi yuleyule aisome kabla ya mwenye gari. Ilikuwa hivi:

"Ondoa betri. Ziba bomba linalotoka tangini ili petroli isishuke. Pasua mpira wa zamani kwa urefu, uubandue, usiuchomoe. Sugua mdomo wa bomba uwe laini, ufute. Chukua mpira wa petroli wenye alama ya SAE J30 R9 na tundu la milimita 5. Ukate kwa kisu kikali, mkato uwe wima, usiwe mshazari. Mpira huu ni mdogo kuliko bomba. Ndivyo unavyotakiwa kuwa. Ukiingia kwa urahisi, unapwaya, usiutumie. Tia klipu kwenye mpira kabla ya kuuvisha. Chovya ncha ya mpira katika maji ya moto yaliyochemshiwa mbali na gari, ufute mpaka ukauke. Tia tone moja la petroli kwenye mdomo wa bomba liwe utelezi. Visha mpira huku ukiuzungusha, mpaka ulipite tuta na kuendelea sentimita mbili. Usiusaidie kwa bisibisi kwa ndani. Uvute kwa mkono: kama unabana, hautatoka. Ndipo usogeze klipu nyuma ya tuta na kuikaza mpaka ishike tu."

Fundi alisoma, akatutoa makosa mawili. La kwanza, betri ya gari hilo iko chini ya kiti cha nyuma, na kuiondoa ni kazi. Akasema inatosha kufungua waya wa hasi, na akataka iandikwe hivyo, kwa sababu mtu akiambiwa aondoe betri na kuona ni taabu ataacha yote mawili. La pili, "mkato uwe wima" halikumwambia kitu. Yeye husema "kata kama unavyokata soseji, usikate kama ndizi ya kukaanga". Tumeliingiza la kwanza kama alivyolitaka. La pili tumeandika "kata mraba kwa mpira", lakini tunakiri kwamba lake ni wazi zaidi.

Sentensi ya mwisho ya mwongozo, inayohusu ukaguzi, haikutupa shida: washa injini, pitisha kidole chini ya kila kiungo, unuse, urudie kesho yake asubuhi kabla ya kuwasha, na tena baada ya wiki moja. Lililobaki ni tuta. Wasomaji walio karibu na gereji, hasa wa Tanga, Mombasa na Unguja, ambako mafundi wa magari wa muda mrefu bado wako kazini, watuandikie wao wanauitaje mwinuko ule.